Kosea kwenye mti mwepesi: namna ya kuchonga sanamu ndogo za balsa ili kujifunza usanifu

Mwaka juzi nilimtengenezea mama mmoja wa Nyakato, hapa Mwanza, kabati la televisheni la mninga. Lilikuwa na miguu minne, rafu mbili upande wa kulia, na droo moja kubwa iliyochomoza juu kushoto. Nilipima, nikapima tena, nikalisukuma kwa nyonga: halitikisiki. Mama akalizunguka mara moja, akaguna.

"Fundi, mbona kama linataka kuanguka?"

"Haliwezi kuanguka, mama."

"Sijasema litaanguka. Nimesema linataka."

Alilipa na kabati likaenda, lakini neno lile lilibaki karakana. Alikuwa amesema kweli. Kabati lilikuwa imara mkononi na bovu machoni, na mimi nilikuwa nimeshughulikia mkono tu. Tangu siku hiyo sigusi mninga kabla sijachonga kitu kidogo cha ukubwa wa kiganja kwa mti mwepesi, nikakigeuza geuza, nikakiharibu, nikaanza upya. Mninga ukishaukata vibaya umekula hasara. Mti mwepesi ukiuharibu umepoteza nusu saa.

Sanamu ninazozungumzia hapa hazifanani na mtu wala mnyama. Ni maumbo matupu: maboksi, mbavu, matundu. Kazi yake ni kufundisha jicho. Aliyeifanya njia hii ijulikane sana katika vyuo vya usanifu ni Mmarekani Rowena Reed Kostellow, mwalimu wa Pratt Institute ya New York kwa zaidi ya miaka 50. Wanafunzi wake walianza na maboksi matatu tu, na zoezi hilo ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Kwanza, mti

Balsa ni mti wa Amerika ya Kati na Kusini, jina lake la kitaalamu Ochroma pyramidale, na mbao zake nyingi zinazouzwa duniani hutoka Ekuador. Hukua mbio: huvunwa ukiwa na miaka sita hadi kumi hivi. Uzito wake wa kawaida ni karibu kilo 160 kwa mita moja ya ujazo, wakati mpingo unapita kilo 1,000 na ukiutupa ziwani unazama kama jiwe. Kwa Kihispania, neno balsa maana yake ni chelezo. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl na wenzake watano walifunga magogo tisa ya balsa kwa kamba, wakaelea siku 101 kutoka Peru hadi visiwa vya Polinesia. Mtu wa ziwani hahitaji kuelezwa zaidi mti huo ni wa namna gani.

Sasa, mimi sijawahi kukuta balsa ikiuzwa dukani hapa Mwanza. Vipande vyangu vya kwanza nililetewa na mpwa wangu kutoka Dar es Salaam, vyembamba vya milimita 2 na 3, na nikavitumia kwa uchoyo, jambo linaloua zoezi lenyewe, maana mtu anayeogopa kukosea hajifunzi. Ndipo nikatafuta miti ya hapa hapa.

Wa kwanza ni mti wa maboya. Zamani wavuvi wa ziwa hili la Viktoria walielesha nyavu kwa vipande vya mti laini unaoota kinamasini, kando ya mafunjo, wenye shina la miiba na maua ya njano yanayofanana na ya kunde. Kitaalamu unaitwa Aeschynomene elaphroxylon. Ukikauka ni mwepesi wa kushangaza, unaubonyeza kwa ukucha unabonyea. Siku hizi maboya mengi ni ya plastiki, ila ukiwa na mazoea na wavuvi unaweza kuletewa kipande. Usiingie majini kuukata mwenyewe. Kingo zenye majani ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, na mamba hawajahama.

Wa pili ni mkonge. Usukumani mipaka mingi ya mashamba ina mkonge, nao ukishatoa ule mlingoti mrefu wa maua, mmea wenyewe unakufa. Omba mlingoti uliokaukia pale pale. Menya ganda gumu la nje kwa panga, ndani utakuta kitu kama sifongo yenye nyuzi. Ukaushe zaidi ya hapo kivulini wiki tatu au nne. Mkonge hauchongeki vizuri kama balsa, nyuzi zake huchomoka, lakini kwa maboksi makubwa unafaa, na ni wa bure.

Ili ujue umeshika nini, usihangaike na mizani. Kata kipande bapa chenye unene wa sentimita 5, kielee kwenye beseni, weka alama ya penseli maji yalipofika. Kikizama sentimita 1, mti wako una moja ya tano ya uzito wa maji, yaani kilo 200 kwa mita ya ujazo. Hapo uko jirani kabisa na balsa. Kikizama sentimita 3 rudisha jikoni kikawe kuni.

Vifaa

Havizidi mfuko mmoja wa rambo. Kisu cha kukatia karatasi pamoja na nyembe za akiba, rula ya chuma, penseli laini, msasa namba 120, 240 na 400, pini za fundi cherehani, vijiti vya meno, gundi nyeupe ya mbao, na kipande cha ubao laini cha kukatia. Utepe wa karatasi ukiwepo, vizuri. Supa gluu nunua moja tu, ya dharura: mti mwepesi unaifyonza kabla haijashika, mvuke wake unachoma macho, na ikimwagikia nguo ya pamba inapata moto ghafla. Sizungumzi kwa kusimuliwa.

Namna ya kukata

Hapa ndipo wengi wanaharibu, na mafundi seremala ndio wa kwanza, kwa sababu mikono yetu imezoea mbao zinazobisha. Mti mwepesi haubishi. Ukiukandamiza unapondeka, na kidonda kile hakitoki kwa msasa.

Weka rula ya chuma, vidole nyuma ya ukingo. Pitisha wembe mara ya kwanza bila nguvu yoyote, kama unachora mstari. Pitisha mara ya pili ndani ya mfereji ule ule, mara ya tatu, ya nne. Kwa milimita 3 mimi hupitisha mara tano au sita. Sikiliza: wembe mzuri unatoa sauti ya hewa, kama mtu anayepuliza chai. Ukianza kusikia mkwaruzo, au ukiona unga mweupe unajikusanya kwenye mstari, wembe umekwisha. Vunja ncha, endelea na ncha mpya. Wembe butu ndio unaokata vidole, kwa sababu ndio unaolazimisha kusukuma.

Kukata kwa kufuata nyuzi ni rahisi lakini kuna mtego wake: wembe hupenda kufuata nyuzi kuliko rula. Egemeza wembe kidogo upande wa rula. Kukata kukatiza nyuzi ni vigumu zaidi, hasa milimita ya mwisho ambapo kona humeguka. Dawa yake ni kubandika utepe wa karatasi chini ya mstari, au kukata nusu upande mmoja kisha kugeuza.

Vipande vinene, vya sentimita 4 au 5, kata kwa msumeno wa chuma, ule mwembamba wa kukatia bomba, halafu sawazisha juu ya msasa. Usisugue msasa juu ya kipande. Bandika msasa namba 120 juu ya kioo au kigae, kisha sukuma kipande juu yake. Ukifanya kinyume, kona zote zitakuwa za mviringo na hutajua kwa nini kazi yako inaonekana kama sabuni iliyotumika.

Funika pua na mdomo kwa barakoa unapopiga msasa. Unga wake ni mwepesi kama moshi.

Zoezi la kwanza: maboksi matatu

Chonga maboksi matatu. La kwanza ni mkuu: kubwa kuliko yote, ndilo linalosema. La pili ni msaidizi, linalomkamilisha mkuu kwa kuwa tofauti naye. La tatu ni dogo, linaloleta uhai, kama pilipili. Kwa kuanzia jaribu mkuu wa sentimita 11 kwa 6 kwa 4, msaidizi wa 9 kwa 3 kwa 2, na mdogo wa 5 kwa 1.5 kwa 0.7. Lakini usinikariri. Sharti ni moja: pasiwe na vipimo viwili vinavyolingana. Boksi la 6 kwa 6 kwa 6 halina la kusema, na maboksi mawili yenye unene mmoja yakikutana, jicho linayahesabu kuwa moja lililovunjika.

Yaunganishe kwa pini kwanza, bila gundi. Yanaweza kugusana tu, moja juu ya jingine, na hiyo ndiyo namna dhaifu. Yanaweza kupenyana: unachimba tundu kwenye mkuu na msaidizi anapita. Au moja linakatwa pembe ili jingine likae ndani yake, kama mtoto anavyokaa ubavuni mwa mama yake. Jaribu zote tatu kabla ya kuchagua.

Sasa simamisha kazi yako kwenye sahani iliyogeuzwa juu chini, keti macho yakiwa usawa wake, uzungushe sahani taratibu. Mwanafunzi wangu wa kwanza, kijana wa Igoma, alinionyesha sanamu nzuri kweli kweli. Nikaizungusha robo duara ikageuka kuwa tofali. Alikuwa ameitengeneza kama anayechora, upande mmoja tu. Kila robo duara lazima kuwe na kitu: boksi moja linajificha, jingine linachomoza. Ukikuta upande uliokufa, chomoa pini, sogeza msaidizi milimita 5, zungusha tena. Zungusha, sogeza, zungusha. Hii ndiyo kazi yote, na ikikuchukua jioni tatu hujachelewa.

Finya macho hadi uone giza na mwanga tu. Ukishindwa kumtambua mkuu kwa macho yaliyofinywa, basi hakuna mkuu, kuna wagombea watatu. Njia nyingine ni kuweka sanamu dirishani na kuipiga picha kwa simu ukiwa ndani, itoke nyeusi tupu. Kivuli hakidanganyi kwa urembo wa mbao.

Ukiridhika, gundi. Tone dogo, sambaza kwa kijiti cha meno, shikiza kwa pini dakika 30, acha hadi kesho yake. Wakati wa mvua ongeza nusu siku, hewa ya ziwa haina haraka.

Zoezi la pili: mizani

Kila mgeni wa Mwanza hupelekwa kuliona Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga. Limekalia mawe mengine majini kwa namna ambayo kila ukilitazama unasema leo linaanguka. Nimelitazama maisha yangu yote. Nalo linataka kuanguka, kama kabati langu, lakini hakuna anayelalamika. Nilihitaji sanamu kadhaa ili nielewe tofauti.

Chukua kipande kimoja cha mti, si viwili, maana hata gogo moja la balsa lina sehemu nzito na nyepesi. Kata boksi la sentimita 4 kwa 4 kwa 4, na jingine la 2 kwa 2 kwa 4. La kwanza lina ujazo wa sentimita za ujazo 64, la pili 16, kwa hiyo linazidi mara nne. Yabandike kwenye kijiti chembamba: kubwa katikati yake iwe sentimita 3 kutoka kwenye egemeo, dogo iwe sentimita 12 upande wa pili. Egemeo liwe ukingo wa rula. Yatakaribia kulingana, kwa sababu 64 mara 3 ni 192 na 16 mara 12 ni 192. Kijiti chenyewe kina uzito kidogo upande mrefu, basi sogeza egemeo kuelekea boksi dogo hadi kitulie.

Tazama ulichopata. Hakuna pande mbili zinazofanana, na bado vimetulia. Huo ndio mlingano usio wa pacha, na ndio unaofanya chumba, bango au kabati kuwa na uhai.

Kisha paka boksi dogo rangi nyeusi. Uzito haujabadilika, lakini jicho sasa linaliona zito kuliko kubwa, na kijiti kizima kinaonekana kuinama wakati hakijainama. Nilipofika hapa nilicheka peke yangu. Droo ya yule mama ilikuwa juu, pembeni, na niliitengeneza kwa kiini cha mninga, chekundu iliyokolea, wakati miguu ilikuwa imepauka. Vitu vyote vinavyoongeza uzito wa macho nilikuwa nimevirundika kona moja, na miguu nikaichonga myembamba nikidhani ni umaridadi.

Jiwe la Bismarck linaweza kutaka kuanguka kwa sababu lina mawe makubwa chini yake yanayolijibu. Kabati langu halikuwa na cha kujibu.

Nilichonga kabati lile upya kwa mti wa boya, kwa kipimo cha moja kwa kumi, mara tatu. La tatu niliishusha droo, nikahamishia rangi iliyokolea kwenye ubao wa chini. Mama alipopita karakana kuchukua meza yake ya kahawa aliliona kwenye benchi, akaliinua kwa vidole viwili, akaliweka. Akasema, "Sasa hili ndilo ungeniuzia."

Zoezi la tatu: mdundo

Nenda mwaloni Kirumba uangalie mtumbwi unaojengwa, kabla mbao za juu hazijafungwa. Mataruma yale, mbavu zinazopanuka kuelekea katikati na kubana kuelekea omo, yaani mbele ya chombo, ni mdundo unaouona kwa macho. Hakuna fundi aliyeyapanga ili yapendeze, na yanapendeza.

Kata uti wa sentimita 20 kutoka kipande cha milimita 5. Kata mbavu tisa za unene wa milimita 2. Sasa nafasi kati yake: usiziweke sawa. Nafasi sawa ni uzio. Anza na milimita 8, kila inayofuata iongezeke kwa robo hivi: 8, 10, 12, 15, 19, 24, 30, 38. Jumla 156, ongeza unene wa mbavu 18, unapata 174, na uti wako unabaki na milimita 13 kila mwisho. Kimo cha mbavu nacho kiongezeke, au kishuke huku nafasi zikipanuka. Jaribu vyote viwili kwa pini. Nafasi zikipanuka na kimo kikapanda, sanamu inapiga kelele. Zikipanuka huku kimo kikishuka, inakwenda kama wimbi linalofia mchangani. Mimi napenda la pili, wewe chagua lako.

Ukitaka kuvunja mdundo, ng'oa ubavu mmoja. Mmoja tu. Jicho litakimbilia pale pengo lilipo, na hapo umeelewa msisitizo bila somo jingine.

Zoezi la nne: tundu

Hili ni fupi. Chukua boksi la sentimita 6 kwa 6 kwa 8, toboa tundu linalopita upande hadi upande, si katikati. Anza kwa kisu, malizia kwa msasa uliozungushiwa penseli. Lengo ni tundu lenyewe liwe na umbo zuri, kana kwamba ndilo ulilochonga na mti ndio uliobaki. Liinue dhidi ya dirisha. Ukiona kwanza mwanga halafu mti, umefanikiwa.

Kumalizia

Msasa 240, kisha 400, futa unga kwa brashi laini. Ukitaka rangi, paka kwanza gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, ikauke, piga msasa 400 tena, kwa sababu mti huu unakunywa rangi kama mlevi. Vipande vyembamba paka pande zote mbili siku hiyo hiyo, la sivyo vitapinda. Rangi moja inatosha: nyeupe, ili uone vivuli.

Usipake jioni ukiwa karibu na ziwa. Vile vidudu vinavyopanda kutoka majini kama moshi vitafuata taa yako, vitakuja na ukoo mzima, vitafia kwenye rangi mbichi. Nina sanamu moja yenye manyoya kwa sababu hiyo. Paka asubuhi.

Kutoka kiganjani kwenda mbao halisi

Mfano wa moja kwa kumi unakufundisha macho, haukufundishi nguvu. Ukikuza kitu mara kumi kila upande, eneo la mkato wa mguu, lile linalobeba, linaongezeka mara 100, lakini uzito unaongezeka mara 1,000, na mninga wenyewe ni mzito mara kadhaa kuliko balsa. Mguu wa milimita 2 uliosimama kwa raha mezani unakuwa mguu wa sentimita 2 wenye kilio. Kwa hiyo umbo nalichukua kwenye mti mwepesi, vipimo vya viungo nachukua kwenye kazi zilizokwisha kukaa majumbani mwa watu miaka kumi. Kabla ya kukata seti nzima, natengeneza mguu mmoja halisi na ubao wake, naviunga, kisha namwita jirani yangu wa kuchomelea, ambaye si mwembamba, aje akalie.

Mifano ya zamani ihifadhi kwenye boksi lenye kifuniko, na uikague kila mwezi. Ukikuta vitundu kama vya sindano na unga laini chini yake, dumuzi wameingia. Toa kipande hicho nje siku hiyo hiyo, hata kama ndicho ulichokipenda.